Simu ya Dila Ilikuwa Ndegeni

Rrok wa Vuksan alikuwa mtu wa sauti ndogo. Kondoo walimsikia, nyumbu wake alimsikia, na mkewe Dila alimsikia akiamua kumsikia. Watu wengine iliwabidi wamsogelee na kumtegea sikio. Kwenye harusi alikaa jikoni na wakata nyama, akishika kisu hata pasipo na cha kukata, ili mradi asiitwe sebuleni kutoa neno la heri.

Wenzake waliona ajabu, maana babake alikuwa mwitaji. Zamani kabla ya simu, habari za mlimani zilipita kooni mwa watu. Mtu alisimama ukingoni, akaweka kiganja sikioni, akatupa jina bondeni. Wa ng'ambo akalidaka na kulitupa mbele, hata aliyefiwa akajua amefiwa kabla jua halijahama. Vuksan akiita, mbwa wa malisho matatu walinyanyuka. Na sheria ya wito ilikuwa moja tu: ukiitwa, itika. Hata "ooo" moja yatosha. Wito usioitikiwa ni mzigo uliotupwa njiani, na aliyeutupa lazima ashuke akautafute.

Rrok hakuwa akiitika. Alikuwa akisikia, mdomo anaufungua, halafu hakuna kitu. Mzee Pretash, jirani wa malisho ya pili, alishateremka mara kadhaa na magoti yake mabovu kumwuliza kama amekufa.

"Nilitikisa kichwa," Rrok alimwambia siku moja.

"Ulitikisa kichwa!" Pretash akawageukia mbuzi kama ndio mashahidi. "Nimekuita kutoka ng'ambo ya bonde, wewe unanitikisia kichwa! Mwana wa Vuksan, babako alikuachia nini? Masharubu tu?"

Ndiyo maana simu ilipofika mlimani, Rrok aliipenda kuliko wote. Unasema taratibu na mtu anasikia. Tena aliipenda zaidi siku shemeji yake Pashk, aliyewahi kufanya kazi Italia, alipomfundisha kuinyamazisha.

"Huku juu simu yako inahangaika," Pashk alimwambia. "Inasikia mnara wa kwetu, inasikia mnara wa Montenegro, inakwenda huku, inarudi kule, kama mbuzi aliyeona majani pande mbili za ua. Ikifika jioni chaji imekwisha. Sasa bonyeza hapa, penye hiki kieropleni. Umeona? Imetulia. Hii ndiyo hali ya ndegeni."

"Lakini mimi siko ndegeni."

"Si lazima uwepo. Saa utaiona, tochi unayo, nyimbo utasikiliza, picha utapiga. Ila hupigi simu wala hupigiwi."

"Na mtu akinitafuta?"

"Ataambiwa hupatikani. Kama marehemu."

Rrok alicheka kimyakimya. Hali hiyo ilimfaa. Umeme kibandani haukuwepo, na kile kibao cha kuvuta jua kilikanyagwa na mbuzi mwezi wa kwanza wa kiangazi, kwa hiyo chaji ilitoka kijijini tu, siku ya kushusha jibini. Simu yake ikawa ndegeni tangu asubuhi mpaka asubuhi, mpaka anapotaka mwenyewe kupanda kwenye Jiwe la Mtandao, mwamba mweupe juu ya kibanda, na kumpigia mtu. Akamfundisha na Dila. Dila alibisha wiki nzima, kisha akagundua kwamba simu iliyo ndegeni inaimba siku tatu bila kuchoka, akanunua visikilizio vya waya, na tangu hapo akawa anatembea milimani na harusi nzima masikioni.

"Familia nzima mko angani," Pretash aliwatania. "Nani aliyebaki chini akamue kondoo?"

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, asubuhi ya jua kali lisilo na upepo. Baada ya kukamua, Dila alimpakia nyumbu Balosh mabonge ya jibini ya duara kama magurudumu, akaifunga mizigo kwa kamba, akaweka mkate wa mahindi mfukoni. Njia yao ilizunguka bonde lote kabla ya kuteremka. Ilipita ubavu mtupu wa mlima, ikaingia msitu wa miti mirefu ya mifuni, ikatokea korongoni mwisho wa barabara, ambako Pashk alikuwa akingoja na gari lake la mizigo. Siku hiyo hapakuwa na gari jingine. Na Pashk alikuwa mtu wa haraka: jibini likishaingia garini, anamchukua dada yake, nyumbu anaachwa malishoni kwa mtu wa korongoni, safari ya mjini Shkodra inaanza.

"Usisahau kuchaji ya kwako," Rrok alisema.

"Nitachaji. Na wewe usisahau kwamba una mdomo. Pretash akikusalimu, mwitikie."

"Nitapunga mkono."

"Mkono hausikiki, we mwanamume!" Dila akatia visikilizio masikioni, akampiga Balosh kofi la matako, wakaondoka.

Binti yao Vitore, wa miaka kumi na miwili, alikwenda kuchuma yale matunda madogo ya buluu yaotayo kati ya mawe. Rrok alikaa mlangoni akinoa mkasi wa manyoya. Jua lilikuwa limepanda vya kutosha alipomwona anarudi, anatembea polepole mno, kikapu hana, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto.

"Baba, nimechomwa na mwiba."

"Njoo niutoe."

"Baba," akasema mtoto, midomo imemkauka, "mwiba ulikuwa na macho."

Rrok aliushika mkono. Juu ya kidole gumba palikuwa na vitundu viwili, na nyama iliyovizunguka ilikuwa tayari inavimba na kung'aa kama ngozi ya plamu. Hakuuliza ni nyoka gani. Kati ya mawe yale wanaishi wale vifutu wenye kijipembe puani, na kila familia ya mlimani ina mtu wa kumtaja.

Alimbeba mgongoni mpaka Jiwe la Mtandao, akamlaza kivulini, akatoa simu. Akagusa kieropleni. Kile kieropleni kikatoweka, na badala yake hapakutokea kitu. Simu ilikuwa inatafuta. Rrok aliiinua juu, akaigeuzia kusini. Kijimstari kimoja. Kikapotea. Viwili.

Alimpigia nesi wa bondeni. Nesi alisikiliza, akauliza mtoto anapumuaje, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeharakisha bila kutaka kutisha: "Usikate, usifunge kamba, usimpe pombe ya raki. Uufunge mkono kwenye ubao, asiutikise. Na asitembee, umenisikia? Hata hatua. Mimi dawa ya nyoka sina, iko Shkodra. Gari la wagonjwa limempeleka mama anayejifungua. Una gari?"

"Lipo. Korongoni."

"Basi alipande hilo. Likiondoka hilo, sijui nikuambie nini."

Rrok akampigia mkewe. Likaja lile jibu la mwanamke mwenye adabu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Akampigia Pashk. Akajibiwa na mwanamke yuleyule. Kule korongoni mtandao haukufika. Hilo alilijua. Akajaribu tena kwa Dila, na tena, kana kwamba huenda yule mwanamke akamwonea huruma.

Halafu akainua macho, akamwona mkewe.

Alikuwa ng'ambo, chini, kwenye ule ubavu mtupu, kitone cheusi na kitone cha kijivu juani. Njia ilikuwa imewazungusha bonde lote, hivyo pamoja na kutembea muda wote huo walikuwa bado usawa wake, kwa macho tu. Pale walipokuwa, mtandao ulikuwa umejaa tele. Dila alikuwa akiupitia katikati kama mtu anayepita mtoni na kiu, simu iko mfukoni, inamwimbia, na imefunga mlango. Mbele yake, karibu kabisa, msitu ulikuwa umefungua mdomo. Akishaingia mle, ni korongo. Akishafika korongoni, ni gari. Na Rrok, hata angekimbia na mtoto mgongoni mpaka mapafu yapasuke, angekuta vumbi.

Mimi ndiye niliyemfundisha, alifikiri. Kidole chake nilikishika mimi.

"Baba, naona kichefuchefu."

"Lala, mwanangu. Usiutikise mkono."

Akasimama ukingoni mwa mwamba. Akaweka kiganja sikioni, kama alivyomwona babake akifanya mara elfu. Akavuta pumzi. Na pale pale koo likamfunga. Aliona haya! Hapakuwa na mtu karibu isipokuwa mtoto mgonjwa, lakini aliona haya kama yuko sebuleni kwenye harusi, vichwa vyote vimemgeukia.

"Dila," akasema. Halikufika hata kibandani.

"Dilaaa!" Sauti ikapasuka katikati, ikawa kama ya kuku. Ikaanguka bondeni. Kitone cheusi kikaendelea kutembea.

Lakini kwenye kilima kilicho katikati, mbele ya kibanda kingine, mtu alisimama. Hakuwa mwingine ila Pretash.

"Naniii?" sauti ya mzee ikaja, nene, imeviringika vizuri. "Nani anachinja kukuuu?"

Rrok akafumba macho. "Rroook!" akaita. "Vitoreee! Nyokaaa!"

Kisha mzaha wote ukatoka katika ile sauti.

"Wataka niniii?"

"Dilaaa! Simuuu! Atoe ndegeniii!"

"Atoe niniii?"

"Simuuu!"

Pretash hakuuliza tena. Mwitaji haulizi mara mbili, anatupa alichopewa. Akamgeukia Dila, kiganja sikioni, akamtupia jina lake mara tatu, kila mara refu zaidi, halafu "Simuuu! Simuuu!" mpaka mwamba wa nyuma ukarudisha. Mbwa wakabweka. Wito ulikuwa safi, hata Vuksan asingepata kosa. Lakini Dila alikuwa na harusi nzima masikioni. Alitembea. Kivuli cha miti ya kwanza kilikuwa sasa mbele ya miguu ya nyumbu.

Rrok alimtazama nyumbu. Hapo ndipo ilipomjia, na ilimjia si kwa akili bali kwa mazoea, kama mkono unavyojua palipo na mlango gizani. Kila jioni, baada ya kukamua, aliwaita wanyama waje walambe chumvi kiganjani mwake. Kwa watu alikuwa bubu, lakini kwa wanyama hakuwahi kuona haya hata siku moja. Ule wito haukuwa na maneno, hivyo koo lake halikuuogopa. Ulianzia tumboni, ukapanda, ukavunjika juu kabisa na kuwa kama mluzi.

"Ooo-hrii! Ooo-hrii! Balosh, ooo-hriiii!"

Kondoo wote wa nyuma ya kibanda waliinua vichwa, wakaanza kupanda kuelekea mwambani.

Na ng'ambo kule, kitone cha kijivu kikasimama.

Dila alivuta kamba. Nyumbu hakusogea. Rrok aliona, au alidhani anaona, masikio mawili yakigeukia juu. Akaita tena. Balosh akazunguka na mzigo wake wote, akaelekeza pua alikotoka, na sasa ni yeye aliyekuwa akimvuta Dila. Dila akamrukia mbele, mikono inapaa, bila shaka akimtukana ukoo mzima wa mama yake. Kisha mkono mmoja ukaenda kichwani. Alikuwa amevuta waya sikioni ili amtukane vizuri zaidi.

"Simuuu, mwanamkeee!" Pretash aliunguruma. "Simuuuu!"

Kitone cheusi kikainama, kikabaki kimeinama. Rrok alipiga. Hapatikani. Akapiga. Hapatikani. Alijua kinachotendeka: amekigusa kieropleni, na sasa simu yake nayo inatafuta, mnara huu, mnara ule, haijui ichague nchi gani. Alihesabu pumzi za mtoto. Akapiga.

Ikaita.

"We Rrok! Nini? Mbona Pretash ananiita kama nyumba inaungua?"

"Nyoka," alisema Rrok, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ndogo. "Vitore. Mkononi. Balosh ageuke. Tupa jibini."

Alichosikia Rrok ni kamba inakatwa, na magurudumu ya jibini yakianguka moja moja juu ya mawe, mengine yakibingirika.

Alimfunga mtoto mkono kwenye ubao alioung'oa kibandani, akambeba, akaanza kuteremka ili wakutane katikati. Pretash naye, magoti yake na yote, alikuwa ameshaanza kushuka upande wake kwenda korongoni kumzuia Pashk asije akachoka kungoja na kuondoka, akipiga kelele njia nzima ili kelele zimtangulie. Walikutana kwenye chemchemi. Dila alikuwa mwekundu, amepoteza kitambaa cha kichwa. Akautazama mkono wa mtoto, ambao sasa ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, akajifuta macho.

"Mama, usilie," Vitore akasema.

"Nani analia? Jasho." Wakampandisha juu ya Balosh, Dila akapanda nyuma yake kumshikilia. "Wewe rudi kwa kondoo, Rrok. Wameachwa peke yao, na mbwa mwitu wanajua kuhesabu. Nitakupigia nikifika. Kaa kwenye jiwe. Na simu yako…"

"Sitaigusa."

Alirudi. Aliwakusanya kondoo, akakaa mwambani na simu mapajani, mlango wake wazi. Mchana ukapita juu yake. Simu ilihangaika, kidogo hapa, kidogo Montenegro, na kila ilipohangaika chaji ilipungua. Alijua dawa yake. Kidole kilijua njia yenyewe. Angeiweka ndegeni, aifungue kila baada ya muda, ingemfikisha hata kesho. Lakini kama Dila angepiga katikati? Kama angepiga mara moja tu, mara ile ya kutoa habari ya mtoto, akajibiwa na yule mwanamke mwenye adabu? Hapana. Aliiacha iwake.

Alikamua akiwa ameiweka kwenye jiwe la kukalia, ingawa kule chini mtandao ulikuwa wa kubahatisha, anaisikiliza kuliko alivyosikiliza ndoo. Hakula. Alipopanda tena mwambani, jua lilikuwa limekaribia ukingo wa milima, na alama ya chaji ilikuwa nyekundu. Akaishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayemwotesha kifaranga joto.

Ikatetemeka mara moja. Kioo kikawa cheusi. Ilikuwa inaaga, si inaita.

Sasa hapatikani kweli. Alikaa akikitazama kile kitu cheusi, na mawazo yakamjia aliyokuwa akiyafukuza tangu asubuhi: ile ngozi ya plamu, ule mkono mdogo uliochuma, je, umepanda uvimbe hadi wapi? Kondoo walikuwa wanajilaza. Bonde lilikuwa kimya kabisa.

"Rroook!"

Alisimama.

"Rrok wa Vuksaaan!" Ilitoka kilima cha katikati. Pretash alikuwa ameingia kwake sasa hivi, pumzi zake fupi. "Dila amepiga nyumba ya mwisho kijijiniii! Wewe hupatikaniii! Wakanipa habari miyeee!"

Rrok akasogea ukingoni mwa mwamba.

"Dawa imeingiaaa! Mtoto mzimaaa! Mkono upooo! Anadai matunda yakeee!"

Rrok akashika mwamba. Machozi yalimjia, akayaacha, kwani nani alikuwepo? Kisha akakumbuka kwamba yupo mtu. Ng'ambo kule mzee mwenye magoti mabovu alikuwa amesimama anangoja, kiganja sikioni, wito wake uko hewani hauna pa kutua. Asipouona umetua, atateremka tena. Usiku huo huo, na magoti yale.

Koo lilianza kumfunga, kama kawaida yake. Rrok aliweka kiganja sikioni. Alikumbuka chumvi, akaanzia tumboni.

"Ooooo!" akaitika. "Nimesikiaaaa! Pretaaash! Nimesikiaaaa!"

Ikavuka bonde, ikagonga mwamba wa nyuma, ikarudi. Mbwa wa malisho yote wakanyanyuka.

Halafu ile sauti nene ikaja, na mzaha ulikuwa umerudi mahali pake.

"Basi, punguza keleleee! Kondoo wangu wamelalaaa!"